Njia ya Malavaux

Aimé Bourdelas alimtemea mate Josiane Lachaud usoni ndani ya ofisi ya meya, watu kumi na wanne tukitazama. Josiane alijifuta kwa mkono wa sweta.

"Mepesi hayo, Aimé," akasema. "Mkeo amekunyima divai tena?"

Watu walicheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichotutoa damu. Bourdelas angeweza kuvumilia kushindwa hoja. Kuchekwa kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa akimletea barua mlangoni, hilo hakuliweza.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Kutoka Saint-Aubrat, kijiji chetu, kuna njia inayoingia msituni na kushuka kilomita nne mpaka kivuko cha mto Maronde. Inaitwa njia ya Malavaux. Njia ni ya kijiji, lakini ardhi ya kushoto ni ya Bourdelas na ya kulia ni ya Bourdelas, ng'ombe wake wekundu huku na misonobari yake kule, na mtu mwenye pande mbili hulala akiota na katikati. Alitaka kijiji kimuuzie. Sheria inasema njia ya kijiji ikiachwa na watu inaweza kuuzwa, na ikiwa watu bado wanaipita haiuzwi hata kwa mfalme. Basi Bourdelas akaapa kuwa njia imekufa tangu miaka kumi iliyopita, kwamba hata nguruwe mwitu wameisahau. Alikuwa ameisaidia kufa. Kila msimu aliangusha mti hapa, akavuta sengenge pale, mpaka watu wa baiskeli waliozoea kushuka Jumapili wakaanza kwenda kwingine.

Chini kabisa, upande wetu wa mto, Josiane ana konde aliloachiwa na baba yake, na katika konde ana mizinga thelathini ya nyuki. Ng'ambo kuna barabara ya lami, lakini Maronde ukishajaa, tangu Novemba hadi Mei, havuki mtu. Njia ikiuzwa, konde linageuka kisiwa, na mnunuzi wa kisiwa angekuwa mmoja tu. Josiane alisambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini na mmoja. Goti lake la kushoto ni la chuma. Ana miaka sitini na miwili, hana mume wala mtoto, ana nyuki.

Serikali ilimtuma mkaguzi, Bibi Pélissou, mwanamke mwembamba mwenye faili la kijani. Aliwasikiliza wote wawili mle ofisini Jumanne ile, na mate aliyaona pia. Kisha akasema, "Ijumaa nitasimama kivukoni, saa tatu mpaka saa sita mchana. Nitaandika nitakachokiona. Nilichoambiwa leo nimeshakisahau."

"Utaniona mimi," Josiane akasema.

"Wewe una konde huko, Bibi Lachaud. Mwenye konde akipita peke yake, hiyo ni njia ya konde. Nataka kuona watu."

 Wengi pale ndani wana ng'ombe wanaokula majani ya Bourdelas kwa kukodi, au mtoto anayemfanyia kazi. Aliyesema alikuwa Ghislain Nouaille, mwezekaji wa mapaa, jitu la kilo mia na kumi lililokaa kwenye dirisha kwa sababu hapakuwa na kiti cha kulimudu.

"Mimi sina konde," akasema. "Sina hata nywele. Nitapita."

Nikainua mkono na mimi. Nilikuja nchi hii kuvuna zabibu msimu mmoja, nikavuna, nikachimba mitaro, nikapasua kuni, nikahama mara tisa, na Saint-Aubrat nimekaa miaka ishirini na sita kwa sababu ya njia zile. Mtu asiye na ardhi hana kingine anachoweza kukiita chake ila pale anapopita.

Bourdelas alitutazama mmoja mmoja. "Vizuri," akasema. "Nimewahesabu."

*

Ijumaa tulikutana mbele ya kanisa saa moja na nusu. Ukungu wa Oktoba ulikuwa umekaa mpaka kwenye kengele. Ghislain alileta mkate, soseji kavu na kisu.

"Kula, mzee," akaniambia. "Maiti yenye njaa inakuwa nzito kubeba."

"Utanibeba wewe?"

"Nitakubingirisha. Kule ni mteremko."

Josiane hakula. Alikuwa anajaribu breki zake, ya mbele, ya nyuma, ya mbele. "Tukikutana nao," akasema, "hakuna kubishana. Hatuendi kushinda hoja. Tunakwenda kufika."

Tulipanda barabara ya msitu mpaka kwenye jiwe la mpaka, tukaingia njia ya Malavaux. Mita mia mbili tu mbele tukakuta misonobari imelala njiani, mmoja juu ya mwingine, kumi na sita nilivyohesabu. Ilikatwa jana au alfajiri ile. Utomvu ulikuwa bado unachuruzika, na matawi yalikuwa yamekatwa nusu makusudi, yamebaki vigingi vyenye ncha.

Tulipitisha baiskeli mkono kwa mkono. Ghislain alisimama juu ya magogo akipokea, Josiane akisukuma, mimi nikishika upande wa pili. Kwenye gogo la tisa niliteleza, na kigingi kikaniingia kwenye misuli ya mguu, nyuma, kikachana kuelekea chini. Sikupiga kelele, nilikaa tu. Josiane alivua skafu yake akaifunga kwa nguvu kama anayefunga kifurushi cha posta.

"Unaweza kukanyaga?"

"Pedali inahitaji mguu mmoja na nusu," nikasema. "Ninao."

Mti wa mwisho tuliumaliza saa tatu na dakika arobaini. Tulikuwa tumetota jasho na mbele yetu hapakuwa bado na mtu. Hilo ndilo lililoanza kunitisha.

Njia ile, ikishatoka kwenye misonobari, inapita kati ya kuta mbili za mawe, mapana ya gari la ng'ombe la zamani. Nyuma yetu nilisikia chuma kikigonga chuma. Mtu alikuwa amefunga geti. Mbele, ukungu ulikuwa unapumua.

"Ng'ombe," Josiane akasema.

Walikuwa ishirini au zaidi, wekundu, wenye pembe, na kila mmoja na ndama wake. Yeyote aliyeishi huku anajua: fahali unaweza kumwomba radhi, lakini ng'ombe jike mwenye ndama, aliyefungiwa mahali pembamba, hasikilizi. Bourdelas alijua. Alikuwa amewatoa malishoni na kuwasokomeza kati ya kuta zile usiku kucha bila maji.

"Polepole," Josiane akanong'ona. "Baiskeli upande wao. Msiwatazame machoni."

Tulipita wa kwanza, wa pili, wa tano. Ndama mmoja akaja kunusa tairi la Ghislain. Mama yake hakupiga hata mlio. Aliinamisha kichwa akaja. Ghislain alimtupia baiskeli mbele, pembe ikaingia kwenye gurudumu, na ng'ombe akainua kichwa na baiskeli nzima ikiwa juu yake, akaitikisa, akaipigiza ukutani mara mbili mpaka ikakunjika. Kisha akamgeukia mwenyewe. Alimpiga kifuani kwa paji, akamlaza, akaanza kumsaga chini kwa magoti. Nilisikia mbavu. Zinalia kama kuni mbichi.

Mimi nilipiga kelele, nikatupa mawe, na kwa ng'ombe yule sikuwa hata nzi. Josiane ndiye aliyejua la kufanya. Aliacha baiskeli yake, akamrukia ndama, akamkamata sikio na mkia, akamsokota mkia kwa nguvu mpaka ndama akalia kama mtoto anayechinjwa. Ng'ombe akamwacha Ghislain palepale. Aligeuka, akaona aliyemshika mwanawe, akamfuata. Josiane alisubiri. Nasema alisubiri, kwa sababu niliona. Alisubiri mpaka pembe zikawa mita mbili, akamwachia ndama akajirusha juu ya ukuta. Pembe ikagonga jiwe pale mguu wake ulipokuwa, na jiwe likapasuka. Ng'ombe na ndama wakaondoka mbio wakiwavuta wengine wote, na baada ya dakika moja tulibaki na mavi, ukungu, na Ghislain akitema damu.

"Kaa hapa," nikamwambia.

Alijiinua kwa kushika ukuta. Alitazama kilichokuwa baiskeli yake. "Bibi Pélissou alisema anataka kuona watu," akasema. "Hakusema watu wa baiskeli."

*

Walikuwa wanatungoja pale ukuta unapokwisha na njia inapoingia kwenye korongo. Wana wawili wa Bourdelas, Cédric na Landry, wanaume wa miaka thelathini na kitu, kila mmoja na mpini wa sululu. Baba yao alikuwa nyuma yao, amekaa juu ya pikipiki yake ya magurudumu manne kama mtu anayetazama mpira.

"Mama posta," Landry akasema. "Leo hakuna barua zetu."

"Zenu hazikuwahi kuwapo," Josiane akamjibu. "Nani awaandikie?"

Cédric hakungoja utani uishe. Alimpiga Ghislain mdomoni kwa ncha ya mpini. Meno yalianguka juu ya majani, nikayaona meupe. Ghislain alianguka goti moja, akainuka, akamkumbatia Cédric kiunoni kama mtu anayekumbatia nguzo paa lisiporomoke, akamfinya. Cédric alimpiga mgongoni, pale penye mbavu zilizovunjika, akampiga tena, na jitu lile halikumwachia.

"Nendeni," Ghislain akasema. Bila meno ilitoka kama upepo.

Landry alinijia mimi. Pigo la kwanza lilinipata begani, la pili mkononi, na vidole viwili vikageukia upande usio wao. Nilimwangukia miguuni na kumng'ata juu ya kiatu. Sioni haya. Katika umri wangu meno ndiyo silaha pekee ambayo haijachakaa yote. Alinipiga teke la shingo, akanivuka, akaenda kumshika Josiane, ambaye tayari alikuwa juu ya baiskeli. Alishika usukani kwa mikono miwili.

"Shuka."

Josiane akashuka. Akainua baiskeli nzima mpaka kifuani, akamsukumia Landry usoni upande wa mnyororo. Yale meno ya chuma yanayovuta mnyororo yalimwingia shavuni, na Josiane, badala ya kuvuta nyuma, alikandamiza na kuburuta kushuka. Shavu lilifunguka kutoka chini ya jicho mpaka taya. Landry alikaa chini akishika uso wake kwa mikono yote, kimya, kama anayetafuta kitu alichokidondosha.

Josiane akapanda, akaondoka. Hakugeuka.

Hapo Bourdelas akawasha injini.

Sijui nilivyopanda. Mkono mmoja ulikuwa haukazi breki na mguu mmoja ulikuwa na skafu. Korongo lile, wakati wa amani, ndilo mteremko mzuri kuliko yote niliyopita katika maisha yangu, na nimepita mingi. Mizizi ya miti imetandazwa kama vidole, majani yamelowa, kijito kinakata njia mara tano. Unainua makalio, unalegeza mikono, unaiachia baiskeli ichague. Siku ile mbele yangu kulikuwa na mgongo wa Bourdelas ukirushwa huku na huku, na mbele yake, akionekana na kupotea, Josiane.

Bourdelas alimfikia pale kijito kinapokata njia mara ya tatu. Alimgonga gurudumu la nyuma, Josiane akayumba, akarudi. Akamgonga tena. Nilimsikia Bourdelas akisema kitu, neno moja, akilirudia kila anapogonga, na injini ikilimeza. Josiane alikatiza katikati ya shina la mti uliopasuka, ambapo ile mashine haikuweza kupita, akapata mita thelathini. Kijito kilipokata mara ya tano akazipoteza. Goti la chuma halikunjiki upesi.

Kivuko kilipofunguka mbele yao alimgonga mara ya mwisho, kwa mwendo wote. Baiskeli ilibaki chini ya magurudumu manne. Josiane alipita juu ya usukani, akapita juu ya ukingo, akaangukia mtoni kifudifudi.

Bourdelas hakusimama ukingoni. Aliingia na mashine mpaka maji yalipozima injini, akaruka, akamkamata Josiane nywele, akazamisha kichwa chake. Alimwinua, akamwambia, "Cheka." Akamzamisha. Akamwinua. "Cheka sasa." Mara ya tatu hakumwinua.

Nilitupa baiskeli. Mto unafika mapajani pale, na chini ni mawe ya mviringo. Nilichukua moja la ukubwa wa mkate, nikampiga nyuma ya sikio. Mikono yake ikafunguka palepale. Josiane akaibuka akitapika maji na damu. Bourdelas alikuwa ameshamwachia, amesimama tu, na mimi nikampiga tena.

Wakati huo ndipo nilipomwona Bibi Pélissou. Alikuwa katikati ya mto, maji yakimfika kiunoni, koti zuri la mjini likielea, na mkono mmoja ukishika lile faili la kijani juu ya kichwa. Alikuwa anakuja kumwokoa Josiane, na kwa hatua nane alikuwa amechelewa. Bourdelas alikuwa anajua tangu Jumanne kuwa mwanamke huyu atasimama pale. Alikuwa amepanga kila kitu ili asifike mtu machoni pake. Kisha akaja yeye mwenyewe.

Tulimvuta Josiane ukingoni. Bourdelas alikaa ndani ya maji, mgongo kwenye gurudumu.

"Ni saa sita kasoro dakika kumi na mbili," Bibi Pélissou akasema. Meno yake yalikuwa yanagongana. "Mko wangapi?"

"Watatu," nikasema. "Mmoja yuko juu, kama yuko."

Alikuwapo. Alitoka korongoni akitembea kama mlevi, kidevu chake kikiwa chekundu mpaka kifuani, na nyuma yake Cédric akimshika Landry mkono. Walikuwa wamesikia injini ya baba yao imenyamaza. Ghislain alifika, akainua mkono kama mwanafunzi darasani, akalala juu ya changarawe.

"Andika," Bourdelas akasema kutoka majini. Ulimi wake ulikuwa umeanza kuwa mzito. "Andika kwamba njia hii imekufa. Haipitiki."

Bibi Pélissou aliitazama mashine, maji yakizunguka magurudumu yake. "Na wewe, Bwana Bourdelas, umepita wapi?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, kwa bidii, kama mtu anayetafuta jina la rafiki wa zamani. "Hapa," akasema. "Nimepita hapa. Nimekuja mbio. Sijawahi kuja mbio hivi." Kisha upande wake wa kushoto ukateremka, uso, bega, mkono, na ikabidi Cédric aingie kumshika kichwa kisizame.

Bibi Pélissou aliandika akitetemeka. Nimeisoma karatasi hiyo, imebandikwa kwenye ofisi ya meya. Watu sita, baiskeli mbili, chombo kimoja cha injini, chini ya saa moja. Njia hai.

*

Haikuuzwa. Ghislain ana meno sita ya bandia na anayatoa mezani kuwatisha watoto. Josiane alilazwa wiki saba kwa ajili ya pafu. Wana wa Bourdelas walifungwa, mmoja miezi minane, mmoja kumi na miwili; baba yao hakufungwa, kwa sababu ya hali yake. Mimi hakimu aliniambia jiwe la kwanza lilikuwa la kuokoa roho. Juu ya jiwe la pili aliniuliza kwa muda mrefu, kisha akanipa kifungo cha nje.

Nilimuuliza Josiane hospitalini anafikirije juu ya jiwe la pili.

"Angekuwa ameniua," akasema.

"Alikuwa ameshakuachia."

"Nilikuwa ndani ya maji, mzee. Sikuona. Usiniletee hayo."

Sasa anashuka Malavaux kila wiki kwa nyuki wake, na Jumapili watu wa baiskeli wamerudi, hata kutoka mbali. Sehemu ya kuta za mawe tumeisafisha.

Mwezi Aprili nilikuwa napanda kutoka mtoni, nikamkuta Bourdelas kati ya kuta zile. Daktari amemwambia atembee kila siku, na mkewe humshusha getini na kumngoja. Alikuwa na fimbo katika mkono ulio hai. Pale fimbo na baiskeli hazipishani vizuri, mmoja lazima ajibane ukutani. Nilishuka kwenye baiskeli nikajibana.

"Pita, Aimé," nikasema.

Alinitazama kwa jicho moja, lile jingine linatazama linapotaka. Aliinua fimbo akanipiga begani. Sikuondoka. Akanipiga shingoni, akanipiga na sikioni. Ya tatu haikuwa na nguvu, alikuwa amechoka na mate yanamtoka upande. Nilisubiri kama ana ya nne. Kisha akanipita, akaendelea kushuka kuelekea mtoni, mguu wa kushoto ukiburura majani.